Homa Iliyoshuka Yenyewe

Editha, siku niliyokukabidhi funguo za zahanati uliniuliza kama vile vitabu vya zamani kwenye kabati la chini vichomwe moto, maana mchwa wameanza kuvila na wewe unataka nafasi ya maboksi ya dawa. Nilikujibu ngoja kwanza. Ukadhani ni uzee, kwamba mzee hapendi vitu vyake viguswe, na sikatai kuwa hilo nalo lilikuwemo. Lakini kulikuwa na sababu nyingine, na kwa kuwa ni ndefu kuliko mazungumzo ya kusimama mlangoni, nimekaa kitako niiandike. Wasomee na wenzako wanaoanza kazi. Vyeo na mishahara sitavigusa, kwa sababu vyeo vilichelewa na mishahara mnaijua wenyewe.

Nilianza kazi miaka ya hamsini, wakati wa ukoloni, nikiwa kijana kutoka Ukerewe mwenye jozi moja ya viatu na cheti cha udresa. Siku hizo huku vijijini dresa ndiye aliyekuwa kila kitu. Alifunga vidonda, alichoma sindano, aling'oa meno, na watu walipomwita daktari hakuwasahihisha. Kabla ya kuletwa huku niliwekwa miezi kadhaa katika maabara ya hospitali mjini, chini ya mtu aliyeitwa Salum Mrisho. Alikuwa mtu wa Mwanza mjini, nyumba yao ilikuwa nyuma ya soko, na kofia yake ya kitambaa cheupe haikuwa na doa hata siku ya kupima vinyesi.

Siku ya kwanza alinitoboa kidole akanipa kioo chembamba, akaniambia nitandaze tone la damu yangu. Nikalitandaza kadiri nilivyojua.

"Hiyo ni ya kupaka kwenye mkate," akasema. "Rudia."

Nikarudia mpaka vidole vya mkono wa kushoto vikaisha. Nikamtazama kwa macho ya kuomba huruma, naye akanikumbusha kwamba Mungu alinipa mikono miwili. Jioni ile nilishindwa kushika kijiko, lakini tangu hapo sijatandaza damu nene tena.

Salum alikuwa na tabia moja iliyowaudhi manesi. Mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani, nesi akija maabara kusema fulani amepona, yeye aliuliza, "Amebeba nini?" Maana yake ilikuwa kwamba mtu wa kwetu hutambulika kwa mzigo wake. Mwanamke hubeba maji na kuni, mvuvi hubeba kasia na nyavu, mkulima jembe. Kwa Salum, mtu ambaye hajarudia mzigo wake alikuwa bado yuko njiani. Sisi vijana tulimcheka chinichini. Tulijua kusoma thamometa, na thamometa haikuuliza habari za kuni.

Nikaletwa hapa, kusini ya Butimba, upande wa ziwani. Jina la kijiji silitaji, kwa sababu wajukuu wa watu ninaowasema wapo na wewe unawatibu. Zahanati ilikuwa vyumba viwili vya mabati, baraza, na pipa la maji ambalo wakati wa kiangazi lilikuwa na vyura kuliko maji. Nilikuwa na thamometa moja, mabomba mawili ya kioo ya sindano, sufuria ya kuyachemshia na jiko la mafuta ya taa lililohitaji kubembelezwa. Hadubini sikuwa nayo. Homa yoyote nisiyoielewa nilitakiwa kutandaza damu kwenye kioo, kuikausha, kuiweka katika kisanduku na kuituma mjini kwa basi ili Salum aipime.

Mara ya kwanza niliacha vioo mezani vikauke, mende wakaja wakalamba damu yote. Sikuangalia, nikavituma hivyo hivyo. Salum akanijibu kwa kipande cha karatasi: "Wagonjwa wako hawana damu kabisa. Wazike." Niliona haya kwa wiki nzima. Badala ya kununua kifuniko cha meza, nikafanya jambo la kijinga zaidi, nikapunguza kutuma vioo. Malaria ilikuwa nyingi, klorokwini ilikuwepo, na karibu kila homa nikaipa jina hilo moja. Wengi walipata nafuu, nami nikajiona mganga.

Ndipo akaja Kabula.

Ilikuwa majira ya palizi ya pamba. Kabula alikuwa binti wa fundi cherehani wa mjini, ameolewa huku na kijana aliyeitwa Masanja, hana hata miezi minne tangu afike kwa wakwe, maana Masanja alikuwa kibarua mjini na walianza maisha huko. Kwao alizaliwa na kukulia kwenye nyumba ya sakafu ya saruji. Huku alilala juu ya ngozi ya ng'ombe, kwenye sakafu ya udongo, kama walivyolala wote wa nyumba ile. Mimba yake ilikuwa ya miezi sita. Masanja alimleta kwa baiskeli, mkwewe akifuata kwa miguu, na thamometa ikasema mia na nne kwa kipimo cha siku zile, moto hasa. Kichwa kilimuuma, mgongo ulimuuma, na hata mwanga wa mlangoni ulimuumiza macho.

Mkwewe tulimwita Mama Masanja, mwanamke mrefu wa Kisukuma aliyezungumza bila haraka.

"Ni papasi hao, mwanangu," akaniambia. "Wapo kwenye nyufa za ukuta. Sisi wa nyumba ile wanatujua, wakituuma hatuumwi sana. Huyu ni mgeni, bado hawajamjua."

Nilicheka. Sikutabasamu, Editha, nilicheka kwa sauti, mbele ya mgonjwa na mbele ya mwanawe Masanja. Nikamwuliza kama papasi, kupe wa ukutani, huwa wanaitana majina. Mama Masanja akafunga vizuri khanga yake na kutazama ziwani.

Nikampa Kabula klorokwini na kumlaza chumba cha pili. Siku ya pili alitoka jasho mpaka shuka likaloa, na homa ikashuka kabisa. Siku ya tatu thamometa ilisoma vizuri nami nikafurahi kama niliyeshinda ligi. Kabula akakaa kitandani, akaweka miguu chini, akasimama na kushika ukuta.

"Kaka, magoti hayana nguvu," akasema.

"Yatapata nguvu yakitembea," nikamjibu.

Nikafungua kitabu cha wagonjwa nikaandika katika mstari wake: Amepona. Vitabu vyetu niliviandika kwa Kiswahili, isipokuwa majina ya dawa. Kisha nikatoka barazani nikawaambia mume na mkwe, kwa sauti ya mtu wa serikali, "Amepona. Mpeni chakula, na mpeni kazi, asije akazoea kitanda."

Maneno hayo nimeyabeba zaidi ya miaka ishirini. Hakuna aliyenilazimisha kuyasema.

Watu wa siku zile walitii neno la zahanati kuliko mnavyotiiwa ninyi. Kabula alirudi kulala juu ya ngozi ile ile, kando ya ukuta ule ule, na asubuhi akapewa jembe. Siku ya nane tangu homa ishuke alianguka kati ya matuta ya pamba. Wanaume wanne walimleta wamemlaza kitandani, miguu ya kitanda ikiwa juu ya mabega yao, na nilipomgusa paji la uso nilijua kabla ya thamometa. Homa ilikuwa imerudi kama ilivyokuwa mara ya kwanza, ila mgonjwa sasa alikuwa na nusu ya nguvu zake.

Safari hii nilitandaza damu, nikaikausha nimeishika mkononi mwangu, na Masanja akapanda basi nayo. Kesho yake asubuhi akarudi na Salum mwenyewe, amepakata hadubini ndani ya sanduku la mbao kama mama aliyepakata mtoto. Hakunisalimu. Alimsalimu mgonjwa, akamsalimu mkwe, akaomba maji ya kunawa. Halafu akatoa tone jingine la damu, akaweka hadubini dirishani penye mwanga na kuniita niangalie.

Katikati ya chembe za damu niliona vitu vyembamba vilivyojikunja kama uzi uliofumuliwa kwenye sweta. Nilikuwa nimevisoma darasani, ila sikuwahi kuviona.

"Homa ya papasi," Salum akasema. "Mara ya kwanza waliomleta walikwambiaje?"

Nikamweleza. Nilitamani kudanganya lakini Mama Masanja alikuwa amekaa pale pale.

"Kwa hiyo mama huyu alikutajia ugonjwa, wewe ukacheka." Alisema polepole, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyonichoma. "Sikiliza, Masatu. Homa hii hupanda siku chache, ikashuka yenyewe. Hulala kama wiki, kisha huamka. Klorokwini yako haikuigusa. Homa ilishuka yenyewe, wewe ukajipa sifa."

Akanieleza na ile habari ya papasi kuwajua wenyeji. Mtu aliyeumwa nao tangu utoto mwili wake hujifunza kupigana nao, akasema, na mgeni hana mafunzo hayo. Mama Masanja hakuwa amesoma kitabu chochote, alikuwa ametazama tu wageni waliolala nyumbani kwake na kilichowapata. Salum akaongeza kwamba ugonjwa huu ukimkuta mwenye mimba hauna adabu.

Alimchoma penisilini. Alituonya kwamba baada ya sindano mgonjwa atatetemeka sana kabla ya kupata nafuu, tusishtuke, tumfunike na kumpa maji, na ndivyo ilivyokuwa. Mchana wote tulikuwa na Kabula, mimi upande mmoja na mkwewe upande mwingine. Kesho yake asubuhi, jua limeshapanda, alijifungua mtoto wa kiume ambaye hakulia. Mama Masanja alimpokea, akamfunga kwenye khanga na kumpa Masanja, naye akaenda kumzika nyuma ya nyumba yao. Nilisimama barazani nikamwona akitembea na kile kifurushi mpaka akapotea kwenye mihogo. Niliona uchungu ambao sikujua pa kuuweka, kwa kuwa sikuwa baba wala ndugu, na mwenye haki ya kulia hakuwa mimi.

Siku mbili baadaye Salum alifunga hadubini yake. Kabula hakuwa na homa.

"Homa nimeitibu mimi," akaniambia. "Kupona ni kazi yako. Nenda kwao ukaombe."

"Nikaombe nini?"

"Utaona ukifika."

Wiki ile ile, Kabula aliporudishwa nyumbani, nilikwenda. Nilimkuta Mama Masanja uani anachambua karanga, na Kabula amesimama karibu na mlango, rangi imemtoka, ameshika jembe. Wenzake walikuwa wametangulia shambani. Nikaona nilichotumwa kuomba.

"Mwangaluka, mama," nikamsalimu kwa Kisukuma changu cha mtu wa kisiwani.

"Mwangaluka."

"Mama, nimekuja kuomba huyu akae ndani kama mzazi. Alishwe uji, asishike jembe wala mtungi, wiki sita."

Hapa mnielewe vizuri. Mwanamke aliyejifungua alipumzishwa na kulishwa, hilo halikuwa na mjadala. Lakini aliyepoteza mimba alirudi kazini, kwa sababu mapumziko yalikuwa ya mtoto, na mtoto hayupo. Hakukuwa na ukatili ndani yake. Ilikuwa desturi, na palizi haikumsubiri mtu.

"Mzazi wa nani?" Mama Masanja akauliza. "Mtoto yuko wapi?"

Nikatazama lile jembe mkononi mwa Kabula.

"Wewe ulisema amepona," akaendelea, bado anachambua karanga. "Ulisema tumpe kazi asizoee kitanda. Tulikutii. Leo unasema tumlaze. Kesho utasema nini?"

"Nilisema hivyo, mama, na nilikosea. Wewe ulisema papasi, ukasema kweli, mimi nikakucheka. Kama ningekusikiliza, huenda mjukuu wako angekuwepo."

Aliacha karanga. Sidhani kama alikuwa amewahi kumsikia mtu wa zahanati akisema amekosea, na sidhani kama mimi nilikuwa nimewahi kulisema. Alinikazia macho. Kisha akainuka, akamnyang'anya Kabula lile jembe taratibu, na kulichomeka juu, kwenye fito za paa, mahali ambapo Kabula asingefika.

"Ingia ndani, mzazi," akamwambia. Halafu akanigeukia. "Majirani wakiniuliza, nitasema nimeamua mwenyewe. Sitaki wasikie umenifundisha wewe."

"Sawa, mama."

"Na huo ukuta je? Alale tena na papasi?"

Alikuwa sahihi tena. Siku iliyofuata mimi na Masanja tulikata miti tukamtengenezea Kabula kitanda cha miguu mirefu, tukakisogeza mbali na ukuta. Ngozi za kulalia tulizitoa juani. Nyufa zote tulizikandika kwa udongo mpya, na sakafu mama mwenyewe akaisiriba kwa samadi na majivu. Nilifanya kazi ile nimevaa kaptula ya serikali, na watoto wa kijiji kizima walikuja kutazama daktari anakanyaga udongo.

Nilihesabu siku. Siku ya nane nilikuwa mlangoni kwao asubuhi na thamometa yangu. Hakukuwa na homa. Nilirudi ya tisa na ya kumi, Mama Masanja akaanza kunitania kwamba natafuta mchumba.

Kupona kwenyewe kulikuwa polepole na hakukuwa na la kusimulia, ndiyo maana hamfundishwi. Wiki ya kwanza Kabula hakumaliza hata kikombe cha uji wa ulezi, tukampa kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Yakaja maziwa, ikaja supu ya sato, na baadaye mboga za majani kwa ajili ya damu. Alikaa nje asubuhi kabla jua halijawa kali. Siku moja alifika kwenye zizi la ng'ombe na kurudi, akalala mchana mzima. Siku nyingine alilia kutwa, bila homa na bila maumivu, na mkwewe akakaa naye ndani. Nami nikajifunza kwamba hata hilo lilikuwa sehemu ya kupona kwake, nikaacha kulitafutia kidonge.

Wiki ya saba nikiwa barazani nafunga kidonda cha mvuvi, niliona mwanamke anapanda kutoka ziwani na mtungi kichwani. Hakuushika kwa mkono. Alipita mbele yangu, akautua, akaumimina wote ndani ya pipa la zahanati, akajitwika mtungi mtupu akaenda zake. Nilimwandikia Salum: "Amebeba mtungi." Akajibu: "Ulijaa?" Nikamwandikia kwamba ulijaa.

Tangu hapo nilikuwa na daftari langu la siku ya nane, ambalo ninyi mmelikuta na mkadhani ni agizo la wilaya. Kila mwenye homa ya kupanda na kushuka nilimfuata kwao, na nilipofika niliangalia kitanda kabla ya kumwangalia mtu. Nilinunua na kifuniko cha meza. Neno "amepona" sikuliandika tena. Niliandika "homa imeshuka," na mtu aliporudia mzigo wake niliandika mzigo wenyewe: jembe, kasia, kuni, mtoto mgongoni. Mkaguzi mmoja aliniuliza kama naendesha zahanati au stoo.

Uhuru ukaja. Sherehe nilizisikia kutoka barazani, na wiki ile kazi yangu kubwa ilikuwa kufunga malengelenge ya miguu ya watu waliocheza ngoma siku tatu. Salum alistaafu, akafariki miaka michache baadaye kwake nyuma ya soko, na kwenye mazishi yake manesi wa zamani walikuwa wanaulizana amebeba nini, wanacheka huku machozi yanawatoka. Kisha likaja lile wimbi la kisomo cha watu wazima. Mama Masanja alitoa uani pake pawe darasa, akakaa mstari wa nyuma, akasinzia kila somo. Kabula alikaa mbele. Wakati huo alikuwa na watoto wawili, wote wazima.

Mchana mmoja alikuja zahanati peke yake. Nikamwuliza nani anaumwa.

"Hakuna, kaka. Nataka kuona kile kitabu cha mwaka ule."

Sikumwuliza mwaka upi. Nilikitoa kabatini, nikakipangusa vumbi na kumfungulia ukurasa. Niliujua bila kuutafuta. Akapitisha kidole polepole kwenye majina mpaka akakuta lake, midomo ikitikisika kama ya mtoto wa shule. "Ka-bu-la." Kidole kikaenda mbele, kikapita homa, kikapita klorokwini, kikafika mwisho. "A-me-po-na."

Akarudisha kidole mwanzo wa neno hilo.

Mstari wa pili, wa siku aliyoletwa na wanaume wanne, ulikuwa chini ya ukurasa. Akausoma nao, mpaka penisilini. Akageuza ukurasa, akarudi nyuma, akageuza tena.

"Na mtoto umemwandika wapi?"

Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza kitu kimewekwa kabati gani. Nikamweleza kwamba kitabu hakikuwa na sehemu ya mtoto aliyezaliwa hivyo, na nilipokuwa nasema nilisikia jinsi jibu lilivyo jepesi. Kama dawa zilipata sehemu, mtoto naye angepata. Ni kwamba sikutaka kumwona pale kila nikifungua.

Nikatoa kalamu mfukoni nikataka kuandika. Kabula akanyoosha mkono.

"Lete, niandike mimi."

Aliinama mezani, ulimi nje kidogo ya meno, akaandika pembeni ya lile "Amepona" langu kwa herufi pana zisizolingana. Ilimchukua muda. Mvuvi mmoja alichungulia mlangoni nikamwashiria asubiri. Alipomaliza alirudi nyuma hatua moja akaitazama kazi yake. Alikuwa ameandika: mtoto wa kabula, wa kiume.

"Imekaa sawa?" akaniuliza.

"Imekaa sawa."

Vitabu vingine choma, Editha, mchwa wameshamaliza nusu ya kazi. Hicho kina jalada la kijani lililokatika pembe, na nimekifunga kwa uzi wa kushonea vidonda. Kiache palepale, na maboksi yako yapange juu.